Shaba, Moto na Umeme: Mchanganyiko Ndio Unaoamua



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za malaria, maji safi, kofia ya kazi na viatu. Leo tutazungumza habari za shaba. Usishangae. Katika dispansari tunaulizwa maswali mawili mara nyingi. La kwanza: ule waya mwembamba unaoingia katika frigo ya chanjo, usio na jiwe la redio hata moja, unajuaje kama ndani ni baridi au ni joto? La pili: kwa nini mtu aliyeyeyusha shaba ya manjano mchana anatetemeka usiku kama mgonjwa wa malaria?

Maswali haya yanaonekana mbalimbali, lakini mzizi wao ni mmoja. Ukichanganya shaba na kitu kingine, hata kidogo, unabadilisha kiwango cha moto kinachoifanya igeuke, na unabadilisha umeme unaotoka ndani yake. Mtumikaji akielewa jambo hili ataelewa masini yake vizuri zaidi, na atalinda mapafu yake.

MAWESE YATUFUNDISHE

Twende kwanza jikoni. Chukua chupa ya mafuta ya mawese. Asubuhi, baada ya mvua ya usiku, utaona chini yake kumekuwa kuzito na kumeganda, lakini juu mafuta yanatembea. Jua likipanda, sehemu nzito inapungua. Kwa nini mawese hayagandi yote kwa mara moja kama maji yanavyogeuka barafu? Kwa sababu mawese si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi. Mengine huganda upesi, mengine huchelewa. Weka chupa ya mafuta ya karanga karibu nayo, katika ubao ule ule: hayagandi. Baridi ni ile ile, mchanganyiko ni tofauti.

Maji safi huganda kwa digrii 0. Ukitia chumvi, yanahitaji baridi kali zaidi ndipo yagande. Hapa napo mchanganyiko ndio umeamua.

Sasa twende kiwandani. Bati likiwa peke yake huyeyuka kwa digrii 232. Risasi peke yake huyeyuka kwa digrii 327. Lakini uchanganye bati sehemu 62 na risasi sehemu 38, kama katika waya wa kulehemu redio: mchanganyiko huo huyeyuka kwa digrii 183, chini ya bati na chini ya risasi! Wenzetu wanaosimama mbele ya tanuru ya dhahabu wanaona jambo hilo hilo. Dhahabu safi huyeyuka kwa digrii 1064, shaba safi kwa digrii 1085. Lakini dhahabu sehemu 80 na shaba sehemu 20 kwa uzito, huyeyuka karibu na digrii 910. Mtu anayedhani kwamba mchanganyiko utafuata hesabu ya katikati anadanganyika.

KUGEUKA BILA KUYEYUKA

Kuna kugeuka kwingine ambako jicho halikuoni. Jiwe linabaki gumu, linabaki jiwe, lakini ndani yake mpango unabadilika.

Katika nchi yetu kuna jiwe la rangi ya majivu meusi lenye shaba nyingi sana. Wachimbaji wanaliita kalkosini. Ndilo linalotajirisha mgodi wa Kakula karibu na Kolwezi, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Jiwe hili ni shaba na salfa tu. Kwa kila atomu 100 za salfa kuna atomu 200 za shaba. Atomu ni chembe ndogo kabisa ambayo vitu vyote vimejengwa kwayo.

Likiwa baridi, kila chembe ya shaba inakaa mahali pake. Ulipashe moto hadi karibu digrii 103, kidogo tu kupita maji yanayochemka. Salfa inabaki imesimama, lakini shaba inaacha viti vyake na kuanza kutembea ndani ya jiwe. Kwa karibu digrii 435 inageuka tena, na safari hii hata salfa inabadilisha mpango wake.

Unataka kuona picha ya jambo hilo? Nenda kwenye maporomoko ya Wagenia. Nguzo za miti zimesimama imara kati ya mawe na zimeshika mitego, na maji yanapita katikati yake bila kupumzika. Salfa ni zile nguzo. Shaba ni yale maji. Kwa nje jiwe ni gumu. Kwa ndani kuna mto.

PUNGUZA SHABA KIDOGO, UONE

Hapa ndipo mchanganyiko unapoingia. Ardhi haikutengeneza mawe ya namna moja tu. Katika mengine shaba imepungua kidogo.

Kalkosini ina shaba 200 kwa salfa 100, na hugeuka karibu na digrii 103. Jiwe linaloitwa jurleiti lina shaba karibu 194 hadi 196 kwa salfa 100, na hugeuka mapema zaidi, karibu na digrii 93. Jiwe linaloitwa dijeniti lina shaba 180 kwa salfa 100, na hugeuka mapema kuliko yote, kati ya digrii 75 na 90. Kwa macho yanafanana hata fundi anaweza kuyachanganya. Jurleiti limepewa jina la Djurle, mtaalamu wa Sweden aliyelitofautisha kwa mionzi ya eksirei mwaka 1958.

Kwa nini shaba ikipungua jiwe linageuka upesi? Fikiri mtumbwi unaovuka kwenda Lubunga. Una nafasi 20 na watu 20. Kila mtu amebanwa na mwenzake, hakuna anayeweza kusogea, mpaka jambo kubwa liwatingishe wote pamoja. Sasa washushe watu 2. Nafasi 2 ziko wazi. Mmoja anasogea, mwingine anachukua pale alipotoka, wa tatu anafuata. Sasa jambo dogo tu linatosha kuwachanganya wote. Na katika jiwe ni vivyo hivyo. Nafasi tupu zinaipa shaba njia ya kutembea, kwa hiyo moto mdogo unatosha kuvunja mpango wa zamani.

Si kupungua kwa shaba tu. Kuongeza kitu cha kigeni pia kunabadilisha mambo. Jiwe la borniti, ambalo linang'aa rangi ya zambarau na buluu kama shingo ya njiwa, lina shaba, salfa na chuma. Lenyewe linaanza kugeuka karibu na digrii 200.

MOTO UNAVYOZAA UMEME

Sasa tujibu swali la kwanza, la waya wa frigo.

Mwaka 1821, mtaalamu mmoja aliyeitwa Seebeck, katika mji wa Berlin, aliunga shaba na madini ya bismuti yawe kama duara. Alipopasha kiungo kimoja na kuacha kingine baridi, sindano ya dira iliyokuwa karibu ikasogea. Mzizi wake ni kwamba moto unasukuma chembe za umeme kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi. Kila metali inasukuma kwa nguvu yake. Ukiunga metali mbili tofauti, tofauti ya nguvu hizo inatokea kama umeme. Ukiunga waya mbili za metali ile ile moja, hupati kitu.

Waya wa frigo ni wa namna hiyo. Mafundi wanauita termokupuli. Upande mmoja ni shaba safi. Upande wa pili ni metali inayoitwa konstantani, ambayo ni shaba sehemu 55 na nikeli sehemu 45. Kiungo kimoja kikiwa katika barafu ya digrii 0 na kingine katika maji yanayochemka, unapata karibu milivolti 4.3. Ni kidogo sana. Jiwe moja la redio lina volti 1.5, kwa hiyo ungehitaji jozi karibu 350 za waya hizo kulifikia. Lakini kwa kupima inatosha. Waya hauna haja ya jiwe la redio kwa sababu joto lenyewe ndilo jiwe lake. Masini ya kusoma ndiyo inayohitaji umeme, si waya.

Angalia jinsi mchanganyiko unavyotawala hapa. Shaba na shaba: hakuna kitu. Shaba na shaba iliyotiwa nikeli: kipimo kizuri. Mtu akibadilisha waya kwa waya mwingine unaofanana kwa rangi, kipimo kinadanganya. Kumbuka pia kwamba waya wa shaba haufai kwa tanuru kubwa. Ukizidi digrii 370 hivi, shaba inaliwa na hewa. Kwa tanuru wanatumia waya za nikeli au za platini.

SHABA NA SELENIAMU

Je, tunaweza kupata umeme wa kutumika, si wa kupima tu? Moto mwingi wa viwanda na wa motokaa unapotea hewani. Kitu kinachofaa kwa kazi hiyo lazima kiwe na tabia tatu kwa pamoja: kizae nguvu kubwa ya umeme, kipitishe umeme vizuri, na kizuie moto usipite. Hapo ndipo ugumu ulipo. Metali inapitisha vyote viwili. Shika kijiko cha shaba kilicho katika sufuria ya moto, utajua upesi.

Mawe ya shaba inayotembea yana tabia tofauti. Umeme unapita, lakini moto unapotea njia kati ya chembe zinazohangaika. Yule mwenye sifa zaidi ni ndugu wa kalkosini: badala ya salfa ana seleniamu. Mwaka 2012, watafiti wa Shanghai pamoja na wenzao wa Marekani walieleza kwamba mchanganyiko wa shaba 200 kwa seleniamu 100, ukipashwa hadi digrii 727 hivi, unafikia kipimo cha ubora cha 1.5. Kwa kitu rahisi namna hiyo, kisicho na madini ya thamani kubwa, hiyo ni alama nzuri.

Na sheria ni ile ile ya mtumbwi. Ikiwa shaba ni 200 kamili, kitu hicho kinageuka kati ya digrii 120 na 140. Punguza shaba, na digrii za kugeuka zinashuka hatua kwa hatua. Ukifika 180 kwa 100, hata katika joto la kawaida la chumba kimekwisha kugeuka. Ukitia iodi kidogo mahali pa seleniamu, digrii zinashuka pia. Hii ni iodi ile ile tunayoitia katika chumvi ili kuzuia rovu shingoni.

Kwa nini wataalamu wanahangaika na digrii chache? Kwa sababu ya kupasuka. Kitu kinapogeuka, vipimo vyake vinabadilika. Kipande kinachopashwa asubuhi na kupoa jioni kinapita katika kugeuka huko kila siku, na kiungo chake na metali kinavutwa na kusukumwa mpaka kinaachia. Ndiyo maana mafundi wanachagua mchanganyiko ambao digrii zake za kugeuka ziko mbali na digrii za kazi.

Sisi wa dispansari tunajua habari hii kwa njia ya chanjo. Chanjo ya pepopunda inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8. Ikiganda, halafu ikayeyuka, inaonekana maji kama zamani, lakini imeharibika, haimlindi mtoto tena. Kitu kinaweza kugeuka na kurudi, na kumbe hakikurudi kama kilivyokuwa.

KASORO YA SHABA INAYOTEMBEA

Shaba inayotembea ina faida, lakini ina ubaya wake. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa Marekani walijaribu shaba na seleniamu katika mitambo ya umeme ya vyombo vya anga, ile inayotumia moto wa madini yenye mionzi. Umeme ulipopita muda mrefu, shaba ilisukumwa upande mmoja wa kipande, na seleniamu ikawa inatoka kama mvuke kwa sababu ya moto. Mchanganyiko ukabadilika wenyewe ndani ya masini. Na mchanganyiko ukibadilika, tabia zote zinabadilika. Waliacha njia hiyo. Vyombo vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977 vilitumia silikoni na jermaniamu, na mpaka leo vinasafiri mbali kupita sayari zote.

Watu hawakukata tamaa. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba kipande kikigawanywa kuwa vipande vifupi, na kati yao kukawekwa tabaka linaloruhusu umeme lakini linazuia shaba, shaba haitoki tena nje. Ni kama kuweka vizuizi mtoni: maji yapite, magogo yabaki.

Nchi yetu ina sehemu yake katika habari hii. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, unajulikana duniani kwa mawe yenye shaba, salfa na jermaniamu pamoja. Jiwe la renieriti lilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kipushi mwaka 1948, likapewa jina la Armand Renier, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Ubelgiji. Kipushi ilisimama mwaka 1993 na ikarudi kutoa madini mwaka 2024. Leo mawe ya jamaa hiyo ya shaba na salfa yanachunguzwa katika maabara za nchi nyingi kwa ajili ya kugeuza moto kuwa umeme.

SASA, MAPAFU YAKO

Tuje kwa swali la pili, lenye hatari kwa mwili.

Shaba ya manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Wengi wanaiyeyusha nyuma ya nyumba, wakitafuta kutengeneza vyombo au kuuza. Angalia hesabu. Shaba safi huyeyuka kwa digrii 1085. Zinki peke yake huchemka kwa digrii 907. Zinki inapoingia katika shaba, inashusha digrii za kuyeyuka. Lakini zinki yenyewe iko karibu na kuchemka, kwa hiyo inatoka kama mvuke, inakutana na hewa, inakuwa moshi mweupe. Moshi huo ndio unaoingia katika kifua chako. Jambo hilo hilo linampata fundi anayelehemu mabati, kwa sababu mabati yamepakwa zinki.

Moshi huo hauumizi papo hapo. Mtu anarudi nyumbani akiwa mzima. Baada ya saa chache koo linakauka, mdomo una ladha ya chuma, kifua kinabana, kikohozi kinaanza. Halafu baridi, kutetemeka, homa, jasho. Kesho au kesho kutwa amepona. Mke wake anasema: "Ni malaria." Wanameza dawa ya malaria, homa inaondoka, na wote wanaamini kwamba dawa ndiyo iliyoponya. Kumbe ilikuwa homa ya moshi wa metali, nayo huondoka yenyewe.

Ubaya wa kosa hilo ni wa namna mbili. Kwanza, mtu anarudi katika moshi kwa sababu hajui adui wake. Pili, na huu ndio mbaya zaidi: mwingine atajifunza habari hii nusu, na siku atakapopata malaria ya kweli atasema, "Ni moshi tu, itapita." Hapa Kisangani malaria inaua. Kwa hiyo usihukumu mwenyewe. Njoo upimwe damu, na umwambie mganga ulifanya kazi gani siku hiyo.

Dalili moja ya kukumbuka: homa ya moshi hupenda siku ya Jumatatu. Mwili unazoea moshi kidogo katika siku za kazi, unasahau mazoea hayo siku ya pumziko, halafu siku ya kurudi kazini unashtuka tena.

Kuna hatari kubwa kuliko zinki. Vijiti vingine vya kulehemu vyenye fedha na shaba vimetiwa kadimiamu, ambayo huchemka kwa digrii 767. Moshi wake mtu anaweza kudhani ni homa ile ile, lakini siku ya pili pumzi inakuwa ngumu, mapafu yanajaa maji, na mtu anaweza kufa. Ukipata pumzi ngumu baada ya kazi ya kulehemu, usingoje asubuhi. Njoo hospitali usiku huo huo.

HABARI ZA SELENIAMU MWILINI

Seleniamu ni mfano mzuri wa neno la wazee kwamba kila kitu kina kipimo chake. Mwili unaihitaji, lakini kidogo sana: kwa mtu mzima mikrogramu 55 kwa siku, yaani chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Mwaka 1990 waganga waliandika kwamba kaskazini ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, upungufu wa iodi na wa seleniamu ulikwenda pamoja na ugonjwa wa watoto wanaodumaa mwili na akili. Kwa hiyo mama, chumvi ya iodi usiiache.

Lakini ikizidi ni sumu. Mtu aliyevuta moshi wake au kumeza vumbi lake kwa muda, pumzi yake inanuka kama kitunguu saumu, nywele zinakatika, kucha zinaharibika na kuanguka. Na michanganyiko ya seleniamu ikikutana na asidi kali inaweza kutoa gesi yenye sumu kali sana kwa mapafu.

Je, utakutana nayo wapi? Redio kubwa za zamani na masini za zamani za kuchaji betri zilikuwa na sahani zilizopakwa seleniamu, zimepangwa kama mikate juu ya msumari mmoja. Mtu akiziunguza ili apate metali, moshi wake unanuka vibaya sana. Harufu hiyo ni onyo. Kimbia na uwaondoe watoto.

MASHAURI YETU

1. Usiguse waya wa termokupuli kwa kuunga kipande cha waya wa nyumba. Kiungo hicho kikiwa mahali pa joto la digrii 60, na masini ya kusoma iko mahali pa digrii 30, masini itaonyesha digrii 30 chini ya ukweli. Utaongeza moto mahali ambapo moto umekwisha kuzidi. Mwite fundi wa vipimo.

2. Umeme wa Tshopo ukikatika, usifungue frigo ya chanjo kutazama. Soma kipimo kwa nje, andika saa na digrii, umwambie mwenye kazi.

3. Usiyeyushe shaba ya manjano, waya za zamani wala vipande vya redio nyumbani. Ganda la plastiki la waya likiungua linatoa moshi mbaya wenyewe, hata kabla ya shaba kupata moto.

4. Kabla ya kulehemu, uliza: metali hii imechanganywa na nini? Imepakwa nini? Ondoa zinki mahali pa kulehemu, fanya kazi mahali penye upepo, simama upande ambao upepo unatoka, na uvae maski uliyopewa na mkuu wa usalama. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii moshi wa metali.

5. Maziwa hayaoshi mapafu. Wengi wanakunywa maziwa baada ya kazi ya moshi, wakiamini yanatoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kifuani. Dawa ya moshi ni kutouvuta.

6. Nguo za kazi zisichanganywe na nguo za watoto katika beseni moja. Mume anawe mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kubeba mtoto.

7. Homa ikikushika baada ya kazi ya moto, njoo dispansari upimwe damu, useme wazi: "Leo nililehemu," au "Leo niliyeyusha." Maneno hayo mawili yanaweza kumwongoza mganga kuliko kitabu kizima.

Ndugu mtumikaji, metali inatii mchanganyiko wake, haitii mawazo yetu. Shaba ikipungukiwa na sehemu 20 katika 200, inageuka kwa moto mwingine. Ikitiwa nikeli, inapima frigo. Ikitiwa zinki, inatoa moshi unaotetemesha mwili. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha moto, uliza kwanza ndani mna nini. Kuuliza si ujinga, na hakuna mkuu wa kazi mwenye akili atakayekukasirikia kwa swali hilo.